Mzabibu wa Bulgaria na Mboga za Kukhu

Kuna kijana anayekaanga chipsi karibu na ofisi yetu hapa Bungoma mjini, na kijana huyo hasikii. Namwambia asiniwekee siki. Namwambia kwa sauti, nikiwa nimemkazia macho, na bado chupa inainama kabla sijafunga mdomo. "Pole madam, ni mkono tu umezoea," ananijibu, utadhani mkono huo ni wa jirani. Basi narudi ofisini na mfuko unaonuka siki, na nikiufungua tu, siko tena mezani kwangu. Niko kwetu Kitale, sebuleni, mbele ya kabati, na nimekasirika upya.

Ninyi wa rika langu mnalijua hilo kabati. Kila nyumba ilikuwa nalo. Upande wa vioo vilikaa vikombe vya wageni, sahani za wageni na thamosi ya wageni, na wageni wenyewe wakija, Mama aliwatazama juu chini akaona hawajafikia kiwango, akawapa chai kwenye vikombe vyetu vya kila siku. Sisi tulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho majirani hawakuwa nacho: chupa ya mvinyo kutoka Bulgaria. Ilisimama katikati juu ya kitambaa cha kufuma, mahali ambapo jua la asubuhi liliipiga moja kwa moja kutoka dirishani. Kazi yangu ya kila Jumamosi ilikuwa kuipangusa vumbi na kuirudisha pale pale, wima, karatasi yake ikitazama mlango ili anayeingia aione.

Karatasi hiyo ilikuwa na picha ya zabibu nyeusi na maandishi ambayo baadhi ya herufi zake zilikuwa zimegeuka nyuma mbele. R ilitazama upande usio wake. N nayo ilikuwa imeinama vibaya. Mimi shuleni nilichapwa kwa kuandika hivyo hivyo, kwa hiyo niliamini kwamba Bulgaria ni nchi ambako walimu walichoka, wakawaacha watoto waandike wanavyotaka. Nilitamani sana kuhamia huko.

Chupa yenyewe haikuwa ya kunywa. Ilikuwa ya Babu, baba yake Baba, na Babu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa.

Baba ni mtu wa Bungoma. Alipokuwa kijana alipata nafasi ya kwenda kusomea mashine za kilimo huko Bulgaria, akakaa miaka. Likizo zikifika alienda na wenzake kuvuna zabibu, zile nyeusi wanazoziita mavrud, ambazo hukawia sana kuiva na ndizo hutengenezwa mvinyo mzito unaobakiza rangi kwenye meno. Babu alikuwa mpenzi wa pombe yetu ya busaa na alitaka sana kujua watu wa huko wanakunywa nini. Baba akamwahidi kwamba atamletea mvinyo uliotoka kwenye zabibu alizozichuma kwa mikono yake. Kisha Babu akaanza kuugua. Habari zikamfikia Baba: njoo. Baba akasema ngoja nimalize diploma kwanza, imebaki kidogo tu, nije na kitu mkononi. Alipofika nyumbani na diploma kwapani na chupa kwenye sanduku, nyasi zilikuwa zimeshaota juu ya kaburi. Hivyo ndivyo chupa ilivyokosa mwenyewe, ikaishia kabatini.

Lakini kwenye sanduku hilo kulikuwa na kitu kingine: kijiti cha mzabibu wa mavrud, kilichosafiri ndani ya soksi mbichi. Baba aliajiriwa kwenye karakana ya matrekta Kitale, akamwoa Mama, ambaye ni binti wa wakulima wa viazi waliotoka upande wa Nyandarua zamani wakatulia karibu na Endebess. Kabla hata jiko la nje halijajengwa, kijiti kikapandwa nyuma ya nyumba, kwenye udongo mzuri kuliko wote. Baba akatangaza kwamba siku mzabibu utakapozaa, chupa itafunguliwa. Atampelekea mama yake zabibu kule Bungoma, na Babu atakumbukwa vizuri, na lile deni la moyo litakwisha.

Haukuzaa. Ulikua, hilo siwezi kuusingizia. Ulipanda ukuta, ukashika kamba ya kuanikia nguo, ukaufunika mti wa pea wa watu, ukatoa majani mapana kama viganja vya Baba, mwaka mzima, bila likizo. Zabibu hata moja ya kuonjea haikuonekana.

"Baba Nasimiyu, hii kitu itazaa lini?" Mama alikuwa akiuliza, jembe begani.

"Mzabibu hauna haraka."

"Na mimi je? Hapo si ndio ingekuwa waru yangu, viazi gunia zima. Watu wote hapa barabara ya Endebess wanavuna, mimi navuna kivuli."

"Vumilia kidogo."

"Nimevumilia mpaka kidogo imeisha."

Shida ya Baba, nimekuja kuielewa nikiwa mtu mzima, ni kwamba alizijua siku mbili tu za mwaka wa mzabibu. Aliijua siku ya kuvuna. Na aliijua sikukuu yao moja ya Februari, ambapo watu hutoka kwenda shambani kwenye baridi, wakakata vijiti vitatu, wakamwagia shina mvinyo, wakala na kuimba. Kazi iliyofanyika kati ya siku hizo mbili ilifanywa na wengine yeye akiwa darasani na injini zake. Kwa hiyo kila Februari, Kitale ikiwa kavu, vumbi la barabara likiingia mpaka kwenye sukari, Baba alivaa koti zito alilorudi nalo, jasho likimtoka, akaenda nyuma ya nyumba akakata vijiti vitatu. Vitatu tu, kwa woga, kwa sababu kila kijiti kilimuuma. Halafu, kwa kuwa chupa haikuruhusiwa kuguswa na Mama hakutaka pombe nyingine nyumbani kwake, alimwagia shina ile juisi nyekundu ya kuzimua na maji, ya wageni.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na kiu yangu. Nilikuwa sipewi juisi hiyo mpaka Krismasi. Niliitazama ikizama kwenye udongo, sisimizi wakija mbio kutoka pande zote, na nikawaza kwamba katika nyumba hii sisimizi wana bahati kuliko mimi. Hasira ile sijaimaliza.

Akishamwaga, Baba alitugeukia mimi na Mama akatoa onyo lake. "Mtu asiguse hata jani moja. Mzabibu huu ukifa, jueni mmeniua na mimi." Mama alisonya akaenda zake. Mimi sikusonya. Mimi nilikuwa mtoto, na baba yangu alikuwa ameniambia waziwazi kwamba roho yake iko kwenye ule mti. Kuanzia siku hiyo nilimfukuza hata mbuzi wa jirani kwa mawe. Nilipoona jani limekauka nilienda kumtazama Baba alipolala, nione kama anapumua.

Sasa, Kukhu. Kukhu ndiye mama yake Baba, bibi yetu wa Bungoma. Alikuja kututembelea kiangazi kimoja na kikapu chake, goti lake baya, L zake ambazo mara nyingine zilitoka R, na maoni yake kuhusu kila kitu. Chai yetu ilikuwa nyepesi. Kuku wetu walikuwa wembamba. Siku ya kwanza tu alizunguka nyumba, akasimama mbele ya mzabibu mikono kiunoni, akaguna. Hakuna aliyemweleza ni nini. Baba alidhani Mama amemweleza, Mama alidhani hiyo ni kazi ya mwenye mti. Ndivyo nyumba yetu ilivyoendeshwa.

Jumapili wazazi walienda kanisani. Mimi nilikuwa na homa, nikaachwa na Kukhu, ambaye goti lilimzuia kutembea. Nikamsikia akilalamika jikoni kwamba hakuna mboga, sukuma ya Mama imekauka yote, watu wanaishije. Kisha akatoka na kikapu. Nilipomfuata nilimkuta ameshafika katikati ya mzabibu.

Mnajua wanawake wa kwetu wanavyochuma kunde. Hawachagui. Mkono unaanzia chini unapanda juu, jani, jani, jani, na ukifika mwisho unakata ile ncha changa, kwa sababu ndiyo laini na kwa sababu ukiikata mmea unachipua tena kando. Kukhu alikuwa amechuma hivyo maisha yake yote, na mikono yake haikuwa na sababu ya kufanya vingine kwa ajili ya Bulgaria. Tawi moja lilikuwa limebaki uchi, akahamia lingine.

"Kukhu!" nikapiga kelele. "Hiyo ni ya Baba!"

"Na huyo baba yako ni wa nani?" akanijibu bila kugeuka.

Nikajaribu kumshika nguo. Akanisukuma kwa nyonga kwa upole, akaendelea. "Hii majani yote mnaiacha tu, ati mnaiangaria. Halafu mnanunua mboga sokoni. Shika kikapu."

Ningefanya nini? Yeye ndiye aliyemzaa. Nikashika kikapu huku nalia. Majani yale makubwa machungu hakuyataka, aliyatupia mbuzi wa jirani juu ya ua, mbuzi yule yule niliyekuwa nikimfukuza. Yale laini akayakatakata, akayachemsha kwa munyu, ule unaochujwa kwenye majivu, ili yalainike, akayatia maziwa, akayaacha jikoni yatulie.

Wazazi walirudi na njaa. Walipitia mlango wa mbele, hawakuona kitu. Ugali ukaletwa, mboga ikaletwa. Nilikaa mkabala na Baba na sikula. Nilikuwa nangoja afe. Sielezi kwa mzaha. Nilimtazama shingoni, mahali ambapo mapigo huonekana, na kila alipomeza nilishika ukingo wa kiti. Kuongea sikuweza, maana nilihisi nikilitamka tu litatokea.

Baba alimega tonge, akachota mboga, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena.

"Mama," akamwambia Kukhu, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona, "hii ni mboga gani? Tamu! Iko na uchachu fulani. Unajua imenikumbusha Bulgaria? Huko walikuwa wanafunga nyama na wali ndani ya majani ya…"

Hakumaliza. Tonge lilibaki hewani.

"Umechuma wapi, Mama?"

"Hapo nyuma," Kukhu akasema kwa furaha. "Kula, imebaki mingi."

Baba aliinuka na tonge mkononi, akatoka. Tukasikia viatu vyake vikiuzunguka mzabibu. Nikaanza kulia kwa sauti, nikimwomba Mama amshike asianguke. Mama hakunielewa kabisa. Alikuwa ameweka kitambaa mdomoni, na mabega yake yalikuwa yakitikisika, na mpaka leo anakana kwamba alikuwa akicheka.

Baba alirudi akiwa mzima. Alinawa mikono polepole. "Mama, hiyo ilikuwa zabibu ya mzee," akasema.

"Mzee ako Bungoma, amelala," Kukhu akajibu. Sasa naye alikuwa ameudhika. "Hiyo ilikuwa mboga. Kama ni kitu ya kuangaria tu, si ungeniambia?"

"Basi rudini huko mkapike mboga za huko."

Baba alisema "mkapike", kana kwamba Kukhu na marehemu wamekuja pamoja. Asubuhi yake Kukhu alikunja leso zake, akachukua kikapu, akaondoka Kitale na goti lake baya bila kunywa chai. Baba mpaka kesho atakuambia hakumfukuza mama yake. Kukhu aliwaambia watu wote wa kanisa lake, na soko zima, kwamba amefukuzwa na mwanawe wa kumzaa kwa sababu ya majani. Ukinisikiliza mimi niliyekuwepo, wote wawili walikuwa na vichwa vigumu kupita kiasi, na mwenye kuteseka alikuwa mtoto aliyempoteza Kukhu wake.

Baada ya hapo ikawa vita vya kimya. Baba hakwenda Bungoma. Kukhu hakuja Kitale. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Mzabibu ulisimama nyuma ya nyumba, mifupa mitupu, na Mama alianza kuupimia jembe. "Mvua ikinyesha naung'oa," alisema. "Sasa hata kivuli sina."

Kumbe tulikuwa tumeupa kitu ambacho haukuwahi kupata tangu utoke kwenye soksi. Huko kwao baridi hufika, ikayaangusha majani yote, mti ukalala, ukaamka na nguvu za kuzaa. Kitale hakuna baridi ya namna hiyo. Mti ulikuwa macho mwaka mzima, unatengeneza majani tu, mpaka Kukhu alipokuja akawa ndiye Desemba na Januari yake. Hayo nimeyasoma ukubwani. Wakati ule tulichokiona ni macho madogo mekundu yakifunguka kwenye matawi, kisha vichipukizi, na kwenye kila kichipukizi kitu chenye punje ndogo ndogo, saizi ya kichwa cha kiberiti. Mama ndiye aliyeviona kwanza. Aliliweka jembe chini.

"Njoo uone kazi ya mama yako," akamwita Baba.

Baba alipiga magoti. Alivigusa kwa ncha ya kidole, na pumzi ikamtoka. Nilidhani sasa atavaa viatu aende Bungoma siku hiyo hiyo. Nilikimbia hata kumtafutia soksi. Lakini alipoinuka alipangusa magoti akasema, "Ni ile mbolea ya kuku niliyoweka."

"Mbolea!" Mama akasema. "Umeweka mbolea miaka yote ikazaa nini? Ni mama yako. Nenda umwambie."

"Nitaenda. Lakini siwezi kwenda mikono mitupu. Zikiiva nitampelekea. Nataka azione zikiwa nyeusi."

Zikiiva. Hilo neno lilinichosha utotoni. Zilikuwa kijani zikabaki kijani. Wale ndege wenye mikia mirefu wakazigundua, na Baba akaja chumbani kwangu akang'oa neti ya kitanda changu akaufunika mzabibu, kwa hiyo zabibu zililala salama na mimi nikaliwa na mbu. Kila jioni alirudi kutoka karakana na mafuta ya trekta mkononi, akainua pembe ya neti, akachungulia, akasema "bado". Nilimuuliza Kukhu atakuja lini. Zikiiva. Niliuliza chupa itafunguliwa lini. Zikiiva.

Ndipo jamaa mmoja wa Bungoma aliyekuja Kitale kutafuta mbegu za mahindi akapita nyumbani. Alisema Kukhu amekuwa mgonjwa, kifua, alilazwa, sasa yuko nyumbani lakini amedhoofika sana, hawezi hata kusimama, hali chakula vizuri. Alisema pia kwamba Kukhu amekataza watu wasimwambie Baba.

Baba alimsindikiza mgeni mpaka barabarani. Aliporudi alienda moja kwa moja kwa neti yake. Zabibu zilikuwa zimeanza kugeuka rangi, moja hapa, moja pale, nyingine zote kijani.

"Zimebakisha kidogo," akasema. "Wiki moja hivi, mbili. Nizipeleke zikiwa sawa."

Sijawahi kumwona Mama vile, kabla wala baadaye. Alikuwa akimenya viazi, akaja na kisu hicho hicho. Alivuta neti chini, ikararuka, akakata kishada cha kwanza, cha pili, akaviangusha kwenye karai pamoja na maganda.

"Mama Nasimiyu! Hazijaiva!"

"Baba yako ulimngojeshea nini? Diploma!" Akakata kishada kingine. "Ulimpata? Haya, sasa mama yako unamngojeshea nini? Rangi?"

Akaingia ndani. Nikasikia mlango wa kabati ukifunguka, ule wa vioo, ambao hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuufungua kwa nguvu hivyo. Akatoka na chupa ameikamata shingoni. Baba aliitazama chupa, akamtazama Mama, na nikaona machozi yakimjaa. Alienda kuwasha pikapu.

Njia nzima nilikaa katikati yao na karai mapajani, na nilijua, kama vile mtoto anavyoweza kujua, kwamba tukifika tukakuta watu wengi uani, basi tumechelewa.

Uani hapakuwa na watu wengi. Kukhu alikuwa peke yake juani, amejifunika leso mbili, amekonda uso umebaki macho. Kaburi la Babu lilikuwa pale kando, na maua aliyoyapanda mwenyewe. Alinisalimia mimi, akanishika mashavu. Akamsalimia Mama kwa mikono miwili. Kisha akatazama migomba. Baba alikuwa amesimama hapo na urefu wake wote, na mamake anasalimia migomba.

Baba alichukua karai kwangu, akapiga magoti, akaliweka mapajani mwa mama yake. Maganda ya viazi na yote.

"Mama, imezaa," akasema. "Ni wewe. Kama hungechuma yale majani haingezaa. Mimi nilikosea kukuambia vile."

Kukhu alichokora karai. Akapata zabibu moja iliyogeuka rangi nusu, akaipangusa kwa leso, akaitia mdomoni. Uso wote ukajikunja kama karatasi. Alitafuna mpaka mwisho hata hivyo, akameza, akamtazama Baba kwa mara ya kwanza.

"Hii ndio ulinifukuzia?"

"Sikukufukuza, Mama."

"Wafula. Majani irikuwa tamu kuriko hii."

Mama alicheka kwanza, na safari hii hawezi kukana. Kisha Kukhu, kikohozi kikimkatiza. Baba aliweka kichwa kwenye magoti ya mama yake, kwenye lile goti baya, akalia kwa sauti, mtu mzima na ovaroli yake, na Kukhu akawa anamgongagonga mgongoni huku akisema, "Mimi nirikuwa napika tu. Sikufanya kitu. Nirikuwa napika."

Ikabaki chupa. Baba alitaka ammwagie Babu kaburini, kama walivyomwagia mizabibu kule. Kukhu, mtu wa kanisa asiyetaka pombe hata kuisikia, alikunja uso lakini akasema sawa, ni ya mwenyewe. Kizibo kilivunjika vipande vipande, kilikuwa kimekauka kwa miaka yote ya kusimama juani kama askari. Baba akasukuma kilichobaki ndani kwa bisibisi ya trekta. Harufu ikatoka, tukarudi nyuma wote. Ilikuwa siki. Siki kali, ya kutoa machozi. Vumbi lote lile nililolipangusa, Jumamosi zote zile!

"Usimwage hapo," Kukhu akasema haraka. "Utaniuria maua."

Baba alishika chupa asijue aiweke wapi. Nilimwonea huruma. Kukhu akainusa tena, akanyoosha mkono. "Irikuwa mzuri, ndio. Imengoja sana, ni hiyo tu. Lete jikoni. Siki si dhambi."

Alisimama, jambo ambalo yule jamaa alisema hawezi tena. Jikoni kulikuwa na vitunguu kutoka soko la Cheptais na nyanya zake mwenyewe. Mama alikatakata, Kukhu akamimina mvinyo wa Bulgaria kwenye kachumbari, na kuku akachinjwa. Sahani moja ilitengwa kwa ajili ya Babu, kisha nikaila mimi. Baba alikula kachumbari ile kijiko baada ya kijiko, macho mekundu, akasema tu kwamba ni mavrud kweli, anaijua.

Kukhu aliishi miaka mingine baada ya hapo, na kila kiangazi Baba alimpelekea gunia la majani kabla ya kitu kingine chochote. Zabibu nyeusi nazo alikuja kuziona, akasema ni mzuri kiasi. Sasa amelala kando ya Babu, na maua ameniachia mimi.

Leo mchana nilikuwa kwa yule kijana wa chipsi, nagombana naye kuhusu siki kama kawaida, simu ikalia. Baba. Amestaafu, na mstaafu anadhani kila mtu amestaafu.

"Nasimiyu, Jumamosi nachuma majani. Utakuja?"

"Baba, jamani, ni wakati wa kufunga hesabu za mwaka, ofisi imejaa. Nitakuja zikiiva."

"Zikiiva," akarudia. "Haya, sawa." Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Kisha nikasikia simu ikinyakuliwa, na pumzi ninayoijua, na sauti ya mwanamke aliyewahi kurarua neti yangu.

"Nasimiyu," Mama akasema. "Kitale na hapo Bungoma ni mbali kiasi gani? Unangoja nini? Rangi?"

Nikamwambia naja Jumamosi, asubuhi, wanisubiri na kikapu. Nilipokata simu kijana alikuwa ameshamimina siki. Nilimwambia aongeze.